Baba Mkwe Ataka Kujua Kama Mwezini Watapikia Njiwa Mbili

Mpendwa Bi. Kache,

Shikamoo. Naomba msaada wako, kwani jambo lililonifika ukimsimulia mtu hucheka kwanza ndipo akuonee huruma, na wa kunicheka nimeshawapata wa kutosha, sasa namtaka wa kunishauri. Mimi ni kijana wa Ukunda, jina langu Iddi, nafanya kazi kwenye gari la sinema la kampuni inayouza mafuta ya kupikia ya kopo, yale ya Njiwa Mbili, na kama gari letu hujaliona basi nikueleze kwamba tunazunguka nalo vijijini kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, tunatundika shuka jeupe, tunaonyesha filamu bure, na kati ya filamu moja na nyingine mimi nashika kipaza sauti nawaeleza watu uzuri wa Njiwa Mbili huku mwenzangu Kalama akiwagawia mahamri yaliyokaangwa kwa mafuta hayo hayo. Filamu zenyewe ni za Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye ninayezifasiri pia, na sisemi kwa kujisifu, lakini watu husema nafasiri vizuri kuliko filamu yenyewe.

Sasa, nimeposa. Binti anaitwa Mejumaa, wa Msambweni, na baba yake ni mzee Boga, ambaye tangu kabla ya uhuru anafanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi, kwenye matangi ya kuchemshia maji ya miwa. Ami yangu Waziri alipopeleka posa mzee hakukataa, aliuliza tu kazi yangu ni ya namna gani, ami akamwambia ni kazi ya kampuni, kazi ya kudumu, mzee akasema vyema, atanitazama. Kumbe kunitazama kwake ni kuja kwenye sinema.

Siku hiyo tulikuwa Msambweni, tumeletewa filamu mpya kutoka ofisi ya Mombasa, maana tangu wale Wamarekani watue mwezini watu hawataki tena filamu za ng'ombe na josho, wanataka mwezi. Ilikuwa ni habari ya watu wa miaka ijayo, wamevaa nguo za kung'aa, wanaishi huko juu katika nyumba ya kioo, na ikafika mahali mtu mmoja anasimama mbele ya ukuta, anabonyeza kitufe, kinatoka kidonge, anakimeza, amekwisha kula. Mimi nikafasiri kama nilivyoona, nikasema, "Mnaona, ndugu zangu, huko mbele hakuna kupika, ni kidonge kimoja asubuhi na umeshiba hadi kesho." Watu wakaguna kwa kustaajabu, nami nikanogewa.

Ndipo mzee Boga akasimama safu ya mbele, amevaa kanzu yake, akasema, "Kijana, niwie radhi kukukatiza. Haya mafuta yenu ya Njiwa Mbili, siku hizo yatakuwako?" Mshauri, ningesema yatakuwako ningekuwa mwongo, kila mtu ameona kwa macho yake kwamba hakuna jiko wala sufuria, nikasema kwenye kipaza sauti, "Hayatakuwako, mzee. Yatapikiwa nini?" Akabaki amesimama, akauliza tena, "Na mgeni akija?" Nami nikasema, "Mgeni aje na kidonge chake," watu wakaangua kicheko, hata waliokaa juu ya ukuta wa soko wakacheka, mzee akaketi, nami nikaendelea na kazi, filamu ikaisha, mahamri yakaliwa, tukakunja shuka tukaondoka.

Kesho yake ami Waziri akaitwa Msambweni, akaambiwa kwamba kijana wake ametangaza kwa kinywa chake mwenyewe kuwa kampuni yake haina maisha, sasa huyo binti atalishwa nini. Mzee anasema sukari haina wasiwasi, gunia lake halina hata picha na watu wanaila, na hata huyo wa kidonge jioni atataka chai, lakini kitu kinachouzwa kwa jina na picha, siku jina likisahauliwa nacho kimekwenda. Kwa hiyo niache gari, niende Ramisi atanitafutia kazi, ama ami aje aichukue posa yake. Na huku nyuma meneja wetu wa Mombasa naye amesikia, sijui nani alimpelekea, akaniita akanikaripia, akasema Ijumaa ya wiki ijayo tunarudi Msambweni na ni lazima nitangaze kwamba hata mwezini watapikia Njiwa Mbili, la sivyo nitafute kazi kwingine. Nikitangaza hivyo mzee atasema mimi kigeugeu, leo hivi na kesho vile, nisipotangaza nimefukuzwa, na nikienda Ramisi nitakuwa naozwa na kuajiriwa na mtu mmoja, maji yamenifika shingoni.

Mimi nakuomba unijibu jambo moja tu, wewe uliyesoma. Katika miaka hiyo ijayo, vyakula hivi vya makampuni vitasalia au havitasalia? Ukisema vitasalia nitalikata jibu lako gazetini nimpelekee mzee, huenda akalainika akiona limechapishwa. Nampenda sana Mejumaa, Bi. Kache, na sitaki kumkosa kwa sababu ya kidonge ambacho hata sijakionja.

Iddi, Ukunda

Bi. Kache anajibu:

Iddi mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, kama ulivyosema nitacheka, na mara ya pili nilikasirika.

Sijui nani amekuambia kwamba nimesomea mambo ya mwezini, lakini umeniuliza nami nitakujibu. Wakati wa vita vikuu vya pili maduka ya kwetu Kinango yalikuwa matupu, na majani ya chai hayakupatikana hata kwa kuomba. Mama yangu alikuwa na kopo la chai ya kampuni, lenye picha ya bibi mwenye mwavuli, na chai ilipokwisha akalijaza mchaichai wa uani. Mgeni akija, mama alilishusha lile kopo mbele yake, akalifungua, akachota, akalirudisha juu taratibu ili picha ionekane. Wageni walijua, maana harufu ya mchaichai haifichiki, na bado walikunywa na kuisifu chai ya bibi mwenye mwavuli. Kampuni ile sidhani kama ilijua kwamba miaka yote ya vita ilikuwa ikiwakirimu watu wa Kinango.

Basi mimi naona majina haya yatasalia, angalau baadhi yake. Mtu akipelekwa mwezini, mahali pasipo na jirani wala mti, ataogopa, na mwenye hofu hutaka kitu alichokiona jikoni kwa mama yake. Hata kikiwa kidonge, mtamchorea njiwa wawili juu yake ili akubali kukimeza. Hiyo ni rai yangu tu, wala usiikate ukaenda nayo popote. Waliotengeneza filamu yako hawajui mambo ya miaka hiyo kuliko mimi, nao nina hakika walipomaliza kazi walikwenda zao kula mkate.

Sasa nije kwenye kilichonikasirisha. Umenieleza kioo, kitufe, nguo za kung'aa, gunia la sukari na maneno ya meneja, lakini ulipofika penyewe ukapita mbio. Umeandika hivi: "watu wakaangua kicheko... mzee akaketi, nami nikaendelea na kazi." Hebu yasome tena maneno hayo polepole. Mtu mzima, baba wa binti unayemtaka, amevaa kanzu yake akaja kukutazama. Akasimama mbele ya jirani zake, akakuomba radhi kabla ya kukuuliza, nawe ukamfanya mzaha kwa kipaza sauti. Yeye hakuwa na kipaza sauti cha kukujibia. Aliketi kwa sababu hakuwa na la kufanya, kisha akatembea kwenda kwake pamoja na watu wale wale waliomcheka, na asubuhi akaenda kazini Ramisi na baadhi yao.

Na wewe unadhani mzee mwenye akili zake anazuia ndoa kwa ajili ya mambo ya miaka thelathini ijayo? Angemwambia ami yako kwamba kijana wako alinifanya kichekesho mbele ya mji mzima, angejiaibisha mara ya pili. Ndiyo maana akaleta habari za kampuni na za sukari, ambazo mtu aweza kuzisema bila kuinamisha kichwa. Watu wazima wakivunjiwa heshima hufanya hivyo, na ami Waziri angelijua hilo kama ungemsimulia habari yote. Nina shaka hukumsimulia.

Tena lile swali lake la pili halikuwa la mzaha hata kidogo. Aliuliza mgeni akija itakuwaje, na mgeni aliyemfikiria ni yeye mwenyewe. Anajiona amekuja kwako siku moja, ametoka kazini, ana hamu ya kumwona binti yake na wajukuu, na anataka kujua kama atapata pa kuketi na kitu cha kula. Ukamjibu aje na chake. Mejumaa naye bila shaka alikuwapo upande wa wanawake na aliyasikia yote, lakini katika kurasa zako zote hukuandika hata neno moja alilolisema yeye. Yawezekana hukumuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza nenda kwa meneja wako, mwambie kwa adabu kwamba Ijumaa utayasifia mafuta yake kwa yale unayoyajua, kwamba yanakaanga mahamri vizuri, na kwamba mambo ya mwezini huyajui na hutayatangaza. Akikufukuza kwa hilo, utakuwa umefukuzwa kwa kusema kweli, na hiyo si aibu. Lakini hatakufukuza, maana wa kufasiri filamu kama unavyojisifu hapatikani kirahisi. Usimwombe mzee kazi ya Ramisi na usiiache ya gari kwa hofu. Hakuna aliyekuwa na shida na kazi yako kabla hujafungua kinywa.

Pili, kabla ya hiyo Ijumaa, msimulie ami Waziri kila kitu, kile kicheko nacho, kisha mwende nyote wawili Msambweni mchana kweupe, kwa basi kama watu wengine. Lile gari la njiwa liache Ukunda. Usichukue kopo la mafuta kama zawadi, maana utakuwa unamtangazia biashara mtu uliyemkosea, na kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hakuondoi kosa. Ukifika, mwamkie, keti, na usitaje mwezi. Mwambie, "Baba, nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nakuomba radhi." Usiongeze "lakini". Kisha muulize kama angependa uyaseme hayo pia kwenye kipaza sauti siku ya sinema. Achague yeye. Akisema ndiyo, yaseme kabla filamu haijaanza, watu wote wakiwa wanasikiliza, wala usiyageuze mzaha. Akisema yameisha, yameisha, nawe usiyafufue.

Akikuuliza tena kama kampuni yenu itadumu, mwambie hujui, kwa sababu kweli hujui, wala yeye hajui kama Ramisi itadumu. Swali la mgeni ndilo unaloliweza, nalo mjibu kwa maneno machache, kwamba mgeni akija kwako atapikiwa. Halafu muombe ruhusa uzungumze na Mejumaa mbele ya mama yake, umsikilize, na safari hii nyamaza mpaka amalize.

Na ikiwa baada ya hayo yote utaona watu wa nyumbani wanaleta maji ya kunawa, basi jua umesamehewa. Usijitie kusema umeshiba. Nawa, uketi na mzee, ule ulichopewa. Na tafadhali, mwanangu, usiulize kimepikwa kwa mafuta gani.