Alasiri ya Wanawake

Hurumzi, Unguja
14 Machi 1965

Kwa kaka yangu Khelef,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, khofu yetu ni juu yako na hiyo Bombay yako. Mama kifua kimetulia kidogo. Anauliza kama chuoni mwenu wanakulisheni vizuri.

Kaka, nna ombi. Unamjua Bi Mwanamwema, yule mwalimu wa ngoma ya lelemama wa Ng'ambo. Serikali imemtaka akusanye wasichana wa kikundi cha ngoma, watakaocheza mbele ya wageni na kusafiri nchi za nje. Alikuja skuli kwetu, akatupanga wasichana arobaini mstari mmoja, akapita akitutazama mabega. Aliponifikia akasimama.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa marehemu Saud bin Matar."

"Nani kakufundisha kushusha bega hivyo?"

Nikamwambia hakuna, nlikuwa nkichungulia tu maharusini. Akacheka, akaliandika jina langu mwanzo kabisa.

Tumechaguliwa sita. Rafiki yangu Time yumo, baba yake ameshatia sahihi. Mimi inatakiwa sahihi yako, maana wewe ndiye walii wangu. Mama kasema, "Mimi sikupi wala sikunyimi. Muandikie kaka yako." Karatasi imo humu ndani ya bahasha.

Tangu baba atutoke, na tangu yaliyopita mwaka jana, nyumba yetu imenyamaza. Juu wamewekwa watu wengine, sisi tuko chini. Nikicheza ndipo nnapojiona mzima. Nakuomba, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Sheikha


Bombay
2 Mei 1965

Kwa mdogo wangu Sheikha,

Marahaba, na alaykum salaam. Mimi mzima, nashukuru Mungu. Mpe mama salamu na umwambie chakula kipo, pilipili tu ndiyo nyingi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Binti wa Saud bin Matar apande jukwaani, atazamwe na wanaume asiowajua, apelekwe nchi asizozijua? Baba hakutuachia kitu isipokuwa jina. Nyumba imekwenda, shamba la Tunguu limekwenda. Hilo jina nalo unataka tulitie njuga?

Karatasi yako nimeichana. Usiniandikie tena habari hii. Soma, msaidie mama, na Mungu atakufungulia la kheri.

Kaka yako,
Khelef


Hurumzi, Unguja
19 Septemba 1965

Kwa kaka yangu Khelef,

Shikamoo. Sote hatujambo. Mama anakusalimu sana.

Nilisikia na nilitii. Time na wenzake wameondoka mwezi uliopita. Nilikwenda Kiembe Samaki kuwatazama wakipanda ndege. Time kanikumbatia akalia, akaniambia, "Nafasi yako kapewa mtu asiyejua hata kusimama." Nadhani alitaka kunifurahisha.

Baada ya hapo sikuwa na hamu ya chakula. Siku ya tatu Bi Ruqaya, jirani yetu, akamwambia mama, "Nipe huyu mtoto nimpeleke sinema. Leo alasiri ya wanawake." Usikasirike, kaka, mwanamume haingii. Ukumbi mzima ni sisi tu, mabuibui tumeyavua tumeyakalia, watoto wanalia, watu wanamenya machungwa. Picha ilikuwa ya Kihindi na sikufahamu neno. Halafu akatoka msichana peke yake katika ua wa marumaru, njuga tele miguuni. Kwanza alisimama tu. Mimi nikajua atacheza kabla hajacheza. Alipoanza, Bi Ruqaya akanifinya: "Tulia, unanitikisia kiti!" Mimi sikujua kama natikisika.

Tangu siku ile kila wiki nakwenda. Hujanikataza kutazama, kaka. Nawe uko huko huko wanakozitengeneza. Umepata kuwaona wachezaji wao? Niambie japo kidogo.

Mdogo wako,
Sheikha


Bombay
8 Januari 1966

Kwa mdogo wangu Sheikha,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi sijambo, ila mafua.

Sinema sikukatazi, maadamu ni wanawake watupu na unakwenda na Bi Ruqaya. Lakini usipoteze akili. Yale ni maigizo, na wale ni watu wanaolipwa. Mimi huu mwaka wa nne niko hapa na sijakanyaga sinema hata siku moja, wala sijioni nimepungukiwa.

Hao wachezaji unaowauliza nawasikia kuliko nnavyotaka. Chini ya chumba changu anakaa mzee mmoja anayefundisha wasichana wa sinema kucheza. Kila asubuhi mimi nasoma mitambo ya meli, na chini njuga zinalia, na mzee anapiga kelele: moja, mbili, tatu. Nimemshtakia mwenye nyumba mara tatu. Hasikii.

Mnunulie mama dawa ya kifua, usingoje azidiwe.

Kaka yako,
Khelef


Hurumzi, Unguja
27 Agosti 1967

Kwa kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na hongera ya kumaliza chuo na kupata kazi hapo bandarini. Mama aliposomewa ile barua alilia kwa furaha, akawapelekea majirani maandazi. Sisi wazima. Mimi siku hizi nashona sare za watoto wa skuli, na cherehani nimeiweka dirishani nipate mwanga.

Kaka, huwezi kuamini, Kihindi nshakijua! Nimekiokota kwenye picha, neno moja moja. Alasiri ya wanawake sasa nna kiti changu katikati, na safu nzima hunigeukia: "Sheikha, kasemaje? Kamkubali?" Nawatafsiria wote, na pakifika pahala pa kulia sisemi kitu, wenyewe wanafahamu. Ukuta wa chumba changu hauonekani kwa picha za magazetini. Maharusini, wakibaki wanawake watupu, hunivuta katikati nicheze ya sinema. Mama hutazama pembeni, lakini nimemuona akipiga makofi.

Ninalokuomba leo halihitaji sahihi. Mteremkie huyo mzee wa chini. Muulize, mtu akizunguka mara nyingi vile anatazama wapi asianguke? Nimejaribu sebuleni, nimevunja mtungi wa mama. Kaka, kama ningekuwa mimi ndiye niliyelala juu ya chumba hicho, ningetoboa sakafu.

Muulize hilo moja tu.

Mdogo wako,
Sheikha


Hurumzi, Unguja
5 Juni 1968

Kaka Khelef,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anauliza kila siku kama posta imeleta kitu. Ikiwa ni lile ombi langu la mzee limekukera, nimelifuta. Muandikie mama. Mimi si lazima.

Sheikha


Bombay
11 Novemba 1970

Kwa mdogo wangu Sheikha,

Assalaam alaykum. Sina uso wa kukuulizia hali, lakini nakuulizia. Mama nilikuwa nikimpelekea salamu kwa watu wa meli, wewe sikukuandikia miaka mitatu. Kweli nilikasirika. Nilisema, nimemkataza huyu, naye kaingia kwa mlango mwingine. Hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ni nzito zaidi kuandika.

Nikueleze kilichotokea. Mwezi uliopita nilianguka kazini nikaumia mgongo, nikalazwa chumbani wiki nne. Sikuwa na pa kuzikimbia njuga. Siku nilipoweza kusimama nikateremka ngazi nikagombane na yule mzee. Kwenye ngazi ya chini nikamkuta kijana mchukuzi wa bandarini, namjua kwa sura, amekaa na mkoba mapajani, anapiga makofi taratibu kufuata mzee anavyohesabu. Ndani alikuwa anacheza msichana wa miaka kumi na tano hivi.

Nikamuuliza, "Nani yako?"

"Dada yangu mdogo."

"Huoni aibu kumleta hapa?"

Akanitazama kama mtu niliyesema lugha asiyoijua. "Aibu ya nini? Mimi nabeba magunia. Yeye anaweza hivi."

Nikakaa naye pale ngazini mpaka somo lilipokwisha. Sheikha, nilikuwa sijapata kutazama. Jioni yake niliingia sinema, mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, na nikalia mpaka mtu wa pembeni akanipa leso. Sikulilia hadithi. Nilikuwa nakutia wewe mahali pa yule msichana wa kwenye picha, na kila nikikutia unakaa sawasawa.

Nimekudhulumu. Nilijiambia nalinda jina la baba, kumbe nilikuwa nakuogopea, niko mbali, sijui la kufanya, na jepesi lilikuwa kukataa. Humu ndani nimekuandikia idhini kwa mkono wangu. Mpelekee Bi Mwanamwema kama bado yupo. Na yule mzee nimemuuliza. Anasema chagua kitu kimoja ukutani, macho yasikiache, kichwa kiwe cha mwisho kugeuka na cha kwanza kurudi.

Nisamehe.

Kaka yako,
Khelef


Hurumzi, Unguja
3 Februari 1971

Kwa kaka yangu Khelef,

Shikamoo, na pole sana kwa mgongo. Mama kasoma dua na kasema usinyanyue kitu kizito. Sisi tupo, tunapanga foleni ya mchele kama watu wote, tunashukuru.

Barua yako nilikaa nayo siku nane. Siku ya tisa nikavaa, nikaenda kwa Bi Mwanamwema. Amezeeka, anafundisha amekaa kitini. Hakuitazama idhini yako. Alisema, "Miaka sita nakungoja. Simama." Wasichana wake wakapiga vigoma vya tuari, nami nikaingia mstarini.

Kaka, nilicheza kwa moyo wangu wote. Nilipomaliza, Bi Mwanamwema akaniita karibu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mikono yako imehama," akasema. "Lelemama mtu hujizuia. Bega likishuka kidogo tu, yametosha. Wewe unacheza mpaka kwa macho. Ni kuzuri, wallahi ni kuzuri, lakini si kwetu."

"Nitajifunza upya, Bi."

"Hawa nnawachukua wana miaka kumi na mitatu. Na sasa serikali inachagua yenyewe, mimi natazama tu."

Akalia yeye, mimi sikulia. Time alikuwepo, siku hizi ndiye msaidizi wake. Kanisindikiza mpaka Darajani.

Umeniomba msamaha na nimekusamehe, hilo usilale nalo. Hizo picha za Kihindi nazipenda, sizijutii, zimenitia furaha nyingi, na leo alasiri Bi Ruqaya atanipitia twende. Lakini usiniombe niseme ilikuwa kheri, maana hilo siwezi kukuandikia. Pengine ningekwenda nikawa hodari. Pengine ningekuwa mchezaji wa kawaida tu, nikarudi nyumbani nikaolewa. Wenzangu walijaribu, na kila mmoja amejua kiasi chake. Mimi nna miaka ishirini na moja, kaka, na changu sitakijua.

Mdogo wako,
Sheikha