Uso wa Bibi wa Pangoni

Mkolani, Mwanza
6 Julai 1997

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na mguu wako umepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa saruji.

Mjomba, ile kazi imekwisha. Tajiri amefungua bustani yake ya michezo kule kwenye mawe, kando ya ziwa, na kinachojaza watu ni sehemu mpya aliyoijenga kufuata sinema ya Bibi wa Pangoni. Huko kijijini labda mmeisikia tu. Hapa vibanda vya video vinaionyesha tangu mwaka jana: vijana watatu wanamwinda bibi anayekula roho za watoto, naye amekaa pangoni akikoroga chungu. Tajiri amejenga daraja la kamba na nyumba ya mfalme. Pango hakulijenga, mawe ya Mwanza yalikuwa tayari. Kazi yangu ilikuwa kumtengeneza bibi mwenyewe kwa nondo na saruji, na kumtia balbu nyekundu machoni.

Ungeona watu! Siku ya kwanza walisukumana mpaka lango likang'oka. Wameiona ile sinema mara kumi, mara ishirini, hawadanganyiki. Mmoja alikuja juu: "Daraja la kwenye video lina kamba tatu, hili lina mbili. Mnatuona washamba?" Mwingine alizunguka kutwa akiuliza farasi yuko wapi. Lakini wakifika pangoni wananyamaza kwanza, halafu wote kwa pamoja wanapaza sauti, "Bibi, rudisha roho zetu!" na kumrushia vijiwe. Gladness, dada anayekata tiketi langoni, aliniambia, "Fundi, pale mimi sipiti peke yangu hata mchana. Umemtoa wapi yule?"

Nikwambie wewe tu. Bibi wa kwenye sinema ni mtu wa nchi za mbali, ana pua ndefu. Tajiri akasema, "Huyo watu hawamwogopi. Nifanyie bibi wa hapa hapa." Nilikaa siku mbili, uso hauji. Uso wa mwanamke mzee ninaoujua bila kutazama ni mmoja. Basi nimemweka Mama, kama anavyochuchumaa kwenye banda lake la moshi, kitambaa kimefungwa nyuma, kovu la kidevuni, na pengo. Watu wanasema yuko hai. Kipande hiki usimsomee.

Mpwa wako,
Venant


Kijijini, ng'ambo ya Kamanga
27 Julai 1997

Mpwa wangu Venant,

Marahaba, mwanangu. Huku tunapumua. Mguu unauma asubuhi, jioni unatulia. Dada yangu, mama yako, ni mzima na anakusalimu sana. Anauliza kama unakula.

Barua yako nilimsomea, nikaruka pale uliposema. Nilipofika hapo nilikohoa, naye akasema, "Mwalimu leo ana kifua." Huniita Mwalimu kila anaponishuku, ingawa nimestaafu mwaka wa sita huu na mimi ndiye mdogo wake.

Sikulaumu. Fundi hutumia alichonacho. Lakini niruhusu nikueleze jambo ambalo, kwa kuwa umekulia ndani yake, huenda hujalitazama kutoka nje. Macho ya mama yako ni mekundu kwa sababu moja. Tangu baba yako afariki, miaka ishirini na mitatu, amekuwa akikausha samaki kwa moshi, zamani ningu na gogogo, siku hizi sangara wadogo ambao viwanda havitaki. Kuni kavu zimekwisha, kwa hiyo anachoma mbichi. Moshi wa kuni mbichi huunguza ngozi laini ya jicho, mishipa hujaa damu, na mwisho wekundu hauondoki tena. Hayo ndiyo yote. Mtoto wa darasa la nne huyaelewa.

Hata hivyo unajua mjane mwenye macho mekundu anavyotazamwa pande hizi. Mwaka juzi kijiji cha jirani walizika wajane wawili walioitwa wachawi. Ndiyo maana nakuomba, kwa utaratibu na bila kugombana na tajiri wako, umbadilishie yule bibi uso. Mwongezee pua, mzibe kovu. Sikuharakishi, ila usisahau.

Mjomba wako,
Antoni


Mkolani, Mwanza
31 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia hamjambo. Mwambie Mama ninakula.

Nilijaribu. Nilikwenda alfajiri nikaziba kovu kwa saruji, nikapaka rangi. Hata saa sita haikufika. Kuna kundi linakuja kila Jumapili, wamefunga vitambaa vyekundu kichwani, wanajiita Watoto wa Pangoni. Mmoja akamulika tochi, akapiga ukunga: "Kovu limekwenda wapi? Wamemwibia Bibi kovu!" Walikalia daraja wakaimba mpaka tajiri akaja mwenyewe. Nilirudisha kovu mbele yao, wakinipigia makofi.

Tajiri aliniita pembeni. "Venant, mwaka mzima nimehangaika nipate kitu cha kuleta watu. Leo nimekipata, wewe unakwenda kukipiga plasta?"

Nikamwambia, mzee, ule ni uso wa mama yangu. Akacheka sana. "Basi mlete tumpe kiti, awe anasaini!"

Sasa ameweka na mpiga picha pale pangoni. Watu wanapigwa picha wakimvuta sikio, wengine wameweka mguu begani kwake. Picha wanakwenda nazo makwao. Mjomba, mimi ninapita upande mwingine nisione. Tajiri ameahidi kwamba baada ya Krismasi, watu wakishamzoea, nitaruhusiwa kumbadilisha.

Mpwa wako,
Venant


Kijijini
12 Oktoba 1997

Venant mwanangu,

Marahaba. Afya zetu si mbaya, ila mioyo haijatulia. Mvua zimeanza mapema na kwa nguvu, na homa imeingia karibu kila nyumba.

Krismasi ni mbali. Picha imefika huku. Mihayo, yule kijana wa mashine ya kusaga, alivuka na wenzake kwenda kuitazama bustani yenu, akarudi na picha amesimama pembeni ya bibi yule. Ilipita mkono kwa mkono pale mashineni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Dada yangu Paskazia mwenyewe alipokwenda kusaga alipewa aitazame. Aliniambia aliishika kwa muda, kisha akamuuliza Mihayo, "Mbona hamkunifunika miguu?" Alidhani amepigwa picha bila kujua.

Wiki iliyofuata mtoto wa Kashindye alifariki kwa homa. Mama yako alipeleka samaki msibani, wakarudishwa na kapu lake. Tangu siku ile hakuna anayenunua samaki wake. Watoto wakimwona wanasema yale maneno yenu ya kurudisha roho. Sijui waliyatoa wapi, sinema hawajaiona.

Nimemwambia ukweli wote kuhusu kazi yako. Hakukasirika. Alisema, "Kumbe mtoto ananikumbuka hivyo." Kisha akaenda kugeuza samaki.

Jumapili ijayo, tarehe 19, kuna mkutano wa kijiji, nami nimeomba nafasi ya kusema. Watu hawa nimewafundisha karibu wote. Jambo likielezwa taratibu, tangu mwanzo hadi mwisho, mtu huona mwenyewe. Wewe kwa upande wako, usingoje ruhusa. Ivunje ile sanamu.

Mjomba wako,
Antoni


Kivukoni, Mwanza
17 Oktoba 1997

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimesimama kivukoni, nampa kondakta wa gari la huko. Usiende mkutanoni. Kama ni lazima, sema si yeye. Sema ni bibi wa kwenye sinema, ni Mzungu, ni jirani yangu wa Mkolani, sema lolote. Nakuomba udanganye, Mjomba. Mimi nitaivunja.

Venant


Kijijini
21 Oktoba 1997

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi kidogo. Sijapata barua yako, nadhani ni kwa sababu ya barabara. Mto umefunika daraja, na magari yanaishia upande wa pili.

Mkutano ulikwenda vizuri. Nilipewa nafasi baada ya mambo ya chanjo. Nilianza na moshi, kama nilivyokueleza. Nikachora jicho ubaoni. Nikaeleza sinema ni nini, kwamba wale ni watu wa kuajiriwa, wakimaliza wanakwenda kula. Nikaeleza saruji, nondo na balbu. Kisha nikasema kwa nini fundi alichagua uso ule: kwamba mtoto aliye mbali huubeba uso wa mama yake kuliko wowote mwingine, na kwamba hapo hakuna uchawi, kuna kumbukumbu.

Walisikiliza kimya, hata mtoto hakulia. Mwishoni Kashindye alisimama, bado amenyoa kwa msiba, akauliza kwa adabu tu, "Kwa hiyo Mwalimu, unakubali kwamba yule wa kule ni huyu wa hapa?"

Nikamjibu, "Ndiye. Lakini elewa kwa maana gani," nikaanza tena kueleza. Wengine walikuwa wameshaanza kunyanyuka kwa sababu ya mvua.

Naamini imesaidia. Jana mtu mmoja alinisalimia njiani.

Mjomba wako,
Antoni


Mkolani, Mwanza
9 Novemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Anayeandika ni Gladness, mimi nasema, kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa. Barua yako ya tarehe 21 nimeipata jana.

Jumapili iliyopita niliingia pangoni na nyundo. Nilianza na uso. Watoto wa Pangoni walikuwa darajani. Nilidhani watapiga kelele tu. Walinipiga kwa mbao za daraja lenyewe, wakilia, Mjomba, wanalia machozi kama nimeua mtu wao. Gladness ndiye aliyenitoa. Tajiri amenifukuza, na amempata fundi mwingine kutoka Butimba. Sura ya Mama haijui, lakini ana zile picha, anazifuata. Wanasema ataongeza na mikono inayosogea.

Mlete Mama. Usimweleze mtu yeyote, wala usiage. Mpitishe kwa mtumbwi mpaka Kamanga kama barabara imekatika. Nimekwenda kivukoni siku nne mfululizo, natazama kila anayeshuka. Nitakwenda tena kesho, na keshokutwa.

Mpwa wako,
Venant


Kijijini
30 Novemba 1997

Venant, mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya kivukoni na ile iliyoandikwa na Gladness nimezipokea pamoja Alhamisi, na gari la kwanza kupita tangu maji yapungue. Wino wa ile ya Oktoba ulikuwa umechuja, lakini ilisomeka.

Mama yako tulimzika tarehe 11. Nilituma mtu akuletee habari, mto ukamrudisha, akaja kulala kwangu analia.

Ilikuwa tarehe 10, saa tatu asubuhi, mvua inanyesha. Alikuwa bandani, ana samaki wachache wa kula mwenyewe. Walikuja wanne. Walimwamkia kwanza, jirani alisikia, na akamsikia anaitika marahaba. Walikuwa na mapanga. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, hatua mia mbili, nikingoja mvua ipungue nimpelekee chumvi. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma, nikiwashika mkono juu ya karatasi. Wamekamatwa, na mmoja alipoulizwa sababu alisema, "Mwalimu mwenyewe alisema ndiye."

Kama ningeipata barua yako mapema, sijui kama ningekusikiliza. Ningekuandikia kurasa mbili za kwa nini uongo hausaidii.

Usije kwa sasa. Wanasema wewe mwanawe ulimjua mapema, ndiyo maana ulikwenda kumwonyesha mjini. Wanakusifu. Sitaki ukutane na sifa hizo njiani.

Gari la pili lilipita jana. Lilileta vijana sita na wasichana wawili kutoka Mwanza, wamevaa vizuri, wana adabu. Mihayo alikwenda kujisifu huko bustanini kwamba Bibi wa kweli alikuwa wa kwetu. Walinikuta kibarazani kwa dada yangu.

"Shikamoo, mzee. Tunatafuta nyumba ya Bibi. Tumetoka mbali, tunataka tu kuona alipokuwa akikoroga."

"Mmepotea," nikawaambia. "Hapa hajawahi kuishi mtu kama huyo."

Walitazamana. Msichana mmoja alikuwa na kamera. "Lakini mzee, tumeambiwa wewe ni ndugu yake."

"Sina dada," nikasema.

Wakaniomba radhi kwa usumbufu, wakapanda gari. Udongo wa kaburi ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, bado haujakauka, hawakugeuka kuutazama. Nilikaa pale mpaka gari likapotea, nikishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mjomba wako,
Antoni