Daraja la Jarida la Mwalimu Gervasi

Jumatano, 10 Julai 2024
Nyumbani Murukulazo, likizo. Ukungu umelala juu ya migomba mpaka saa nne — najiona kama ninaelea. Kompyuta nimeifungua shingo upande. Jedwali la kamati yetu ya chuo ya kupanga madaraja: majarida yote ya lugha, fasihi na historia, daraja A mpaka D. Makala ikitoka kwenye D, mhadhiri hapandi cheo kwayo. Na jarida la Mwalimu Gervasi, aliyenifundisha kuandika, tumelipangia D! Eti wasomi wa ng'ambo hawalinukuu, basi. Mwenyekiti wetu, Xavery, kapiga simu: Jumatatu tunapitisha, Dokta Teddy, usilete mambo ya moyo.

Alhamisi, 11 Julai
Nimekwenda Nyakisasa kumwamkia Mwalimu. Kastaafu, lakini bado anahariri, barazani, miwani imefungwa uzi. Akanisomea makala ya toleo lijalo: nyimbo za kubembelezea watoto za Wasukuma waliohamia Nyantakara. Mwandishi ni Magdalena, mhadhiri msaidizi. Anasoma polepole, polepole… nikasinzia. Nikaona akina mama wakipita na ng'ombe katika nyasi ndefu, nchi haina mwisho, wanaimba. Nikazinduka — Mwalimu anacheka. "Nzuri, eh?"
Nzuri mno. Sikumwambia.

Jumamosi, 13 Julai
Nimemwambia.
Kwanza hakuamini. Halafu akapandisha sauti mpaka mkewe akatoka jikoni. D? Na wewe umo? Nikasema nimo. Akavua miwani, akaitazama kama si yake.
"Magdalena anaitegemea makala hii apande cheo. Kamwambie mwenyewe."
Hakunisindikiza.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa nikampigia Magdalena. Nikamweleza yote, nikamshauri aipeleke nje, kwenye jarida la daraja A. Kumbe alishapeleka! Walimjibu nyimbo ni nyingi, azipunguze, aongeze nadharia.
"Dada, nikizitoa nyimbo, kinabaki nini?"
Nikamwomba anitumie makala, akanitumia. Mchana kutwa nimekaa nje. Moshi wa nyasi zinazochomwa mlimani unapita taratibu, mawazo yanakwenda nao.

Jumatatu, 15 Julai
Kikao kwa simu. Mtandao unashika vizuri huku juu mlimani tu. Nimekaa kwenye jiwe, jua la asubuhi usoni. Xavery akafika kwenye D. Kuna pingamizi? Nikasikia sauti yangu: lipo! Nikauliza nani amelisoma jarida la Mwalimu. Suzan wa Historia akakiri hajawahi hata kulishika. Basi nikaanza kusoma wimbo mmoja wa Magdalena: mama yuko safarini na ng'ombe, mtoto mgongoni hataki kulala. Kisukuma, kisha Kiswahili. Xavery: Dokta, muda! Sikunyamaza. Katikati ya ubeti wa tatu mtandao ukakatika.

Naandika nikisubiri. Upepo. Kengele za ng'ombe kule bondeni, mbali.

Simu imerudi! Xavery anapigisha kura, nasikia anataja majina. Suzan anamkatiza — ngoja kwanza, Mwenyekiti. Teddy, upo? Mtoto alilala?