Jeneza la musikiti wetu

Mujukuu wangu Zaina,

Hapa Kindu tuko wazima, na mama yako ameacha kukohoa. Unauliza tuliishije na Wakristo wakati wa vita.

Jirani yetu Mutombo, muntu wa Kasai, fundi wa reli, alikufa na mbao za sanduku hazikupatikana. Tukawaazima Wakristo wenzake jeneza la musikiti, ambalo hupeleka maiti na kurudi. Wao, kwa desturi yao, wakamuzika nalo. Shehe akasema: "Mumuache alale."

Kesho yake mama Mutombo, mujane, aling'oa mulango wa nyumba yake, vita ingali mujini, akatuchongeshea jeneza lingine. Mpaka leo njo hilo linatubeba. Kila nikilishika ninagusa tundu la kitasa. Siku yangu ikifika, nami nitatokea mulango wa mama Mutombo.

Babu yako, Ramazani