Daftari la Mama Mbaraka

Raheli, nimejiaibisha leo kwenye kisomo cha watu wazima. Kikaratasi hiki soma peke yako, kisha kitie motoni.

Unamjua Mama Mbaraka. Ubaoni hukosea karibu kila neno, kwa hiyo nilipofungua daftari lake nikakuta ukurasa mtupu, sikushangaa. Nikaandika SIFURI kwa wino mwekundu.

Laiti ningeishia hapo! Mwenyekiti wa kijiji amekaa pale, nikataka anione mwalimu kweli. Nikasema: "Asiyeweza kuandika hana akili, na hata sala zake nina wasiwasi nazo!"

Nilisema hivyo. Kwa mtu ninayemwamkia shikamoo!

Akanijibu taratibu: "Mwanangu, umefungulia mwisho."

Mwisho! Mama wa watu amesoma Kurani tangu utotoni; kitabu chake kinaanzia pale changu kinapoishia. Nikaligeuza daftari. Kurasa tatu zimejaa.

Makosa yapo, tena tele. Nikayahesabu, angalau nipate pa kujishikiza. Nilipofika la saba ndipo nikaelewa ninachosoma: ni dua. Anamwomba Mungu ampe mwalimu wake akili na subira.

Na amenitaja. Katika kurasa zote tatu, neno "Dorkasi" ndilo pekee lisilo na kosa.