Hezekia Shemndolwa, Fundi Mkuu Aliyekubali Kuambiwa Hapana

Umetimia mwaka mmoja leo, Baba, tangu asubuhi ile ya Julai tulipokuita unywe chai nawe hukuitika. Baridi ya Soni ni ileile. Koti lako bado liko nyuma ya mlango, bado linanukia kiwanda, na Mama hajakubali lifuliwe.

Ulikuwa fundi wa mitambo kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha chai cha Kwembaru. Kabla ya kugusa mashine yoyote ulivua saa, ukavua na pete ya ndoa, ukaifunga kwa uzi kwenye tundu la kifungo cha shati. Majirani walimtania Mama kwamba mumewe ni kapera kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mama aliwajibu kuwa anapenda mume anayerudi na vidole kumi.

Siku za soko hukuweza kupita kwenye mashine ya kusaga ya Bi Zainabu bila kuingia. "Mama, funga hiyo ncha ya kanga," ulimwambia mtu usiyemjua hata jina. Bi Zainabu akikuona tu kwa mbali alipaza sauti: "Mkaguzi huyoo! Ficheni mikanda!" Ulicheka pamoja nao, lakini hukuondoka mpaka bati la kufunika mkanda lilipowekwa mahali pake.

Kazini ulikuwa na sheria moja, uliyoitunga tangu kiwanda kikiwa cha shirika la umma. Kila fundi alikuwa na kufuli lake, lenye jina lake kwa rangi nyeupe. Anayeingia ndani ya mashine huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake, na ufunguo huingia naye mfukoni. Wakiingia watu wanne, makufuli huwa manne. Mmoja hubaki nje kulinda swichi. Ufunguo wa akiba ulikuwepo ofisini kwa fundi mkuu, lakini haukuruhusiwa kufungua kufuli la mtu yeyote mpaka mwenyewe aonekane, uso wake, amesimama nje.

Fundi mkuu ulikuwa wewe.

Mwaka 1997 kiwanda kikauzwa. Wenye mali wapya walipaka kuta rangi, wakapunguza watu, na waliobaki wakawapa wote ovaroli za bluu. Zamani mlijuana kwa makoti ya mitumba: Athumani na lile jekundu, Rajabu na la kijani lisilo na vifungo. Sasa ukiwatazama kwa nyuma, wote walikuwa mtu mmoja.

Machi ya mwaka uliofuata, majani yakiwa mengi kuliko mikono, mnyororo wa mashine ya kukaushia chai ulikatika. Mashine ile ni kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Fundi huingia kwa kutambaa, na ikiwashwa naye yumo ndani, hatoki mzima. Mafundi wanne waliingia. Nje, kwenye swichi, ulimweka Elisante.

Elisante alikuwa fundi umeme wako, Mpare wa Same, kijana wa miaka ishirini na saba. Wiki ile barua yake ya kumposa dada yetu Lucy ilikuwa juu ya kabati letu, hujaijibu.

Baada ya muda wa saa tatu, watatu walitoka, kila mmoja akachukua kufuli lake. Likabaki moja, la Rajabu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yako anatazama saa, na majani yaliyokwisha kusagwa yalikuwa yanazidi kuchacha. Ukasema Rajabu umemwona kantini, anakunywa chai; kufuli amelisahau, kama alivyokwisha kulisahau mara mbili huko nyuma. Ukaja na ufunguo wa akiba.

Yaliyosemwa pale tumeyasikia kwa watu wengi, na wote wanayasimulia namna moja.

"Elisante, pisha."

"Hapana, Baba."

"Rajabu nimemwona kwa macho yangu."

"Umeuona uso, Baba, au mgongo?"

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. "Mpare huyo, Mzee Hezekia, na Wapare wanapenda kesi! Utamkuta mahakamani Jumatatu."

Meneja akasema, "Mzee, majani yanaharibika. Huyu kijana anamfanyia nani kazi?"

Ukapandisha sauti. "Pisha, nakuambia! Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Shikamoo, Baba," akasema Elisante. "Sipishi."

Hapo hakuna aliyecheka. Huku kwetu kijana hamjibu mzee hivyo, na mzee ambaye kijana anaposa kwake, hata macho hamkazii. Wanasema mgongo wake haukubanduka kwenye ile swichi.

Ungeweza kumsukuma. Ulikuwa na mwili, ulikuwa na cheo, na meneja alikuwa upande wako. Badala yake ukageuka, ukaenda kwenye mlango wa mashine, ukaugonga kwa spana mara tatu.

Kutoka ndani kukagongwa mara tatu.

Rajabu alitambaa mpaka nje, uso umejaa grisi, vumbi la chai kichwa kizima. "Bado nati mbili," alisema. "Haraka ya nini? Na mbona mnanitazama kama maiti?"

Wa kantini alikuwa Athumani. Nawe, Baba, uliketi sakafuni palepale, ufunguo wa akiba mkononi.

Jioni ile Elisante alifika nyumbani kwetu na mshenga wake, Mzee Sefania. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Lucy alikuwa jikoni, anasikiliza. Elisante akapiga goti mlangoni, akaanza: "Baba, nimekuja kuomba radhi kwa..."

"Simama," ulimkatiza. "Ukiniomba radhi, Lucy humpati."

Mzee Sefania alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu. Akaishia kula makande.

Lakini wewe hukula. Ulikuwa umekuja na daftari la ajali la kiwanda kwapani. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hapakuwa na la kuandika. Meneja mwenyewe alikwisha kukuambia yamepita. Nawe ulijua kwamba kila mwisho wa mwezi orodha ya wanaopunguzwa kazi ilibandikwa kwenye mlango wa kantini. Ulikaa mezani, ukaandika kwa ule mwandiko wako unaolala kushoto: "Hezekia Shemndolwa, fundi mkuu, alitaka kufungua kufuli la mtu aliyekuwa ndani ya mashine. Alizuiwa na Elisante." Ukatia saini.

Mama alisoma juu ya bega lako. "Umejiandikia barua ya kuachishwa kazi, Baba Lucy."

"Nisipoandika, wengine watarudia kosa hili," ulisema. "Na watakaofanya wana akili kuliko mimi."

Tulikuwa watoto wakubwa siku ile, tunajua kusoma, tunajua kuhesabu vinywa vya nyumba yetu. Tulikutazama ukikausha wino kwa pumzi, na tukaogopa. Hatukuwahi kumwona mtu mkubwa kiasi hicho.

Hawakukufukuza. Walikuvua ufundi mkuu, wakakuachia kufundisha usalama wa mitambo, katika banda la zamani la kupimia majani. Walikupa kazi ile kama mtu anavyopewa ufagio. Nawe uliipokea kama mtu aliyepewa kiwanda.

Mwanzoni walikuja mafundi wa Kwembaru tu. Halafu, kwa kuwa mtu aliyeepuka kifo haachi kusimulia, wakaanza kuja wengine: kutoka viwanda vya mkonge vya Korogwe, kutoka mashine za mbao, kutoka Tanga mjini. Wahandisi wa matengenezo wenye shahada walishuka Mombo, wakapanda milima, wakakaa kwenye mabenchi yako bila hata mto. Mmoja alilalamika kwamba vitabu vya mashine zao ni vya Kiingereza, mbona darasa ni la Kiswahili?

"Mashine ikikukamata mkono," ulimuuliza, "utapiga kelele kwa lugha gani?"

Akafikiri. "Kichaga," akasema.

Mlicheka mpaka banda likatikisika, na darasa likaendelea kwa Kiswahili. Kiswahili chako kilikuwa kifupi na kilichonyooka, hakina neno la kujivuna. Mimi binti yako Jesca, pamoja na stashahada yangu, nilipopewa kazi ya kuchapa masomo yako sikupata sentensi ya kufuta.

Somo lako la kwanza halikuwa la mashine. Ulimwita mmoja mbele, ukampa kufuli na ufunguo wake, ukasubiri akuamkie. Akishasema shikamoo ulinyoosha mkono na kuagiza kwa sauti ya mzee aliyechokozwa: "Lete huo ufunguo!" Karibu wote waliuleta, tena kwa mikono miwili, kwa adabu waliyofunzwa na mama zao.

"Umeshaua mtu," uliwaambia. "Rudi ukakae. Mwingine."

Walirudia mpaka kila mmoja aweze kusema hapana kwa mtu mwenye mvi. Wapo watu wazima waliotokwa na jasho wakijifunza neno hilo. Ndipo ulipowasimulia ya Machi ile, bila kuficha kitu, pamoja na sauti uliyoipandisha. Daima palitokea mtu wa kuuliza, kwa dharau kidogo, huyo fundi mkuu aliyetaka kuwasha mashine alikuwa nani.

"Mnamtazama," ulisema.

Wengi wao walikuja kukuzika mwaka jana. Walituambia hawakumbuki vizuri uliyowafundisha kuhusu mikanda na magurudumu, kwa maana hayo sasa wanayafanya tu. Wanachokumbuka ni kimya kilichoingia bandani baada ya neno lile. Tunakikumbuka na sisi. Tulikisikia kwanza mezani kwetu.

Miaka mitatu uliyofundisha, hakuna aliyefia ndani ya mashine Kwembaru. Hilo tumelitafuta katika daftari, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu wewe usingekubali tuliseme bila kutazama.

Unakumbukwa na mkeo Imelda. Na watoto wako Lucy, Mikaeli na Jesca. Na mkweo Elisante, ambaye sasa ndiye anayefundisha darasa lako. Na wajukuu wako wawili. Na ukoo wote wa Shemndolwa, wa Soni na Lushoto.

Unakumbukwa pia na Rajabu wa Kwembaru, ambaye si ndugu yetu wa damu lakini ameomba jina lake liwemo, pamoja na mkewe Zakia na watoto wao wanne. Siku ile ya Machi walikuwa na mmoja.

Tutakukumbuka siku zote, Baba.