Bluu Iliyokataa Kukauka

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, bati linalia lenyewe. Siku kama ya leo hata machozi yanakauka kabla hujayafuta, ila hapa kwangu kuna kitu kimoja kimegoma.

Bluu ya picha ya Minza.

Minza ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Kabula. Alifariki wakati wa mvua, homa ya siku chache tu, hata meno yalikuwa hayajatoka. Tulimzika Kasoli, nyumbani kwetu, na blanketi lake la bluu. Hatuna picha yake ya simu hata moja. Tulikuwa tunasema tutampiga picha Krismasi, tumvalishe vizuri. Nani anamsubirisha mtoto? Sisi.

Kabula ni mchoraji. Anachora vibao vya maduka na sura za watu. Baada ya msiba aliacha kula, akaacha na kusema. Halafu siku moja akatoa kitambaa chake cha kuchorea, akaanza kumchora mwanawe kwa kumkumbuka tu. Sura ikatoka ile ile, Mungu wangu, hata kile kidole alichokuwa ananyonya. Nikasema moyoni, akiimaliza hii, mwanangu atanirudia.

Likabaki blanketi.

Bluu ya blanketi lile si ya anga. Imeelekea kijani kidogo, kama mrututu, ile dawa ya mimea, ukiyeyuka kwenye ndoo. Kabula alikuwa na tyubu moja ya rangi hiyo, aliachiwa na fundi mzee aliyemfundisha kuchora, na karibu yote ilikuwa imegandia ndani. Nikampigia muuza rangi wa Mwanza nimuulize nyingine. Akaniambia, "Mama, hiyo usijisumbue. Unga wake walishaacha kuutengeneza, siku nyingi. Wanasema kuutengeneza kunachafua sana. Zilizopo ni za kufananisha tu."

Tukaagiza ya kufananisha, ikaja na basi. Kabula akapaka kidogo pembeni, akaiangalia, akaifuta.

"Hii ni sare ya shule, mayu, mama yangu. Siyo la Minza."

Mimi sikujua kwamba na rangi nazo zinakufa. Nilidhani ni watu na ng'ombe.

Kabula akapasua tyubu, akakwangua kila kilichogandia, akakisaga juu ya kioo. Ila mafuta yake ya kuchanganyia yalikuwa yameisha. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema tutie mafuta ya pamba. Sisi wa Bariadi mafuta ya pamba tunapikia, tunapaka miguu, tunalainishia bawaba za mlango. Tusingechorea kwa nini? Kabula akasita. Nikambana, "Hayo yako ya dukani si nayo yanatoka kwenye mbegu? Mafuta ni mafuta, mwanangu." Akakubali. Nilikuwa na haraka ya kumwona anamaliza.

Alipopaka, nililitambua blanketi. Mikono yangu ilinyooka yenyewe, kama ya kumpokea mtoto.

Lakini halikukauka. Wiki ikapita, na nyingine. Tukaitoa picha juani, tukailaza uchanjani. Jirani yangu Mama Ngolo akapita na ndoo yake.

"Mwadila, Mama Kabula! Siku hizi picha mnaanika kama michembe ya viazi? Mtaila na karanga?"

Kabula akacheka kidogo, kwa pua. Namshukuru Mama Ngolo kwa hilo, ingawa nilitamani kumrushia kandambili.

Mtu aliyekaanga maisha yake yote alitakiwa ajue. Kikaangio changu hakijawahi kukauka. Kinanata tu, kinakusanya vumbi.

Leo asubuhi nimeingia chumbani kufagia, tulikoirudisha picha ukutani, nikaona bluu imetembea. Joto la bati limeilegeza ukutani pale. Kutoka kwenye pindo la blanketi, juu ya kichwa, imeshuka kwenye paji la uso, imefika jichoni. Nikapiga yowe kama ninayemwona mtoto wa kweli anazama.

Kabula akaja, akasimama. Tukiiacha, itamfunika sura. Tukiifuta, ndiyo mwisho wa ile bluu, hakuna pa kuinunua. Nikamwachia yeye aamue. Niliyoyasema mwanzo yalitosha.

"Mayu, lete pamba."

Nikachomoa pamba kwenye gunia, tukafuta wote wawili, yeye usoni, mimi chini. Sura ilikuwa imeshakauka zamani, haikuharibika. Limebaki doa dogo pembeni ya jicho. Akasema liache. Blanketi lote tumeliondoa. Pale lilipokuwa pamebaki kitambaa kitupu.

Kabula akapaangalia, akaniuliza, "Si atasikia baridi?"

Mtu mzima huyo.

Nikamwambia, "Lile lenyewe analo, Kabula. Nililikunja mimi kwa mikono yangu, nikamfunika mpaka shingoni."

Akalia. Tangu msiba alikuwa hajalia mbele yangu. Alilia kwa sauti mpaka Mama Ngolo akaja mlangoni, akarudi kimya kimya. Kisha akalala pale pale mkekani. Alipoamka aliomba uji. Amekunywa nusu kikombe, sikumsukuma.

Picha tumeigeuzia ukutani. Hajasema kama ataimalizia, nami siulizi. Nilidhani picha ndiyo itakayomrudisha. Leo sijui tena, nimebaki na ule uji.

Ile pamba ninayo hapa mapajani, imelowa bluu, bado mbichi. Kuitupa jalalani nimeshindwa, kuichoma nimeshindwa. Kesho nitamwomba Kabula twende Kasoli tuifukie pale kwa mtoto. Akikataa, niende peke yangu, au nikae naye?

Vidole vyangu vyote ni vya bluu. Nimevinawa kwa sabuni haitoki, na sina haraka itoke.